Kamba Waliokula Soya ya Karai Langu

Watu wa Malaba wananijua kwa mambo mawili, mdomo wangu na karai langu. Mdomo sitautetea. Lakini karai, uliza dereva yeyote aliyewahi kukwama kwenye foleni ya malori akingoja karatasi za kuvukia kwenda Uganda, atakwambia njugu na soya za yule mathe hazina mpinzani. Nilikuwa nakaanga soya mpaka inageuka rangi ya kahawa na kupasuka mgongo, harufu inanitangulia kwenye foleni, mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, wanaruka chini kabla sijafika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sikuwahi kupiga kelele kuita mteja.

Binti yangu anafanya kazi kwa wakala wa forodha pale karibu na geti. Anaondoka alfajiri, anarudi jioni akiwa hana hata nguvu ya kuvua viatu. Mtoto wake wa kike alipofikisha miezi minane aliacha kunyonya, na binti yangu akamweka mikononi mwangu asubuhi moja, akaniambia, "Mama, nimekuachia roho yangu." Mimi nikamjibu kwa madaha, kama kawaida yangu, "Wewe nenda kazini. Huu uji wangu wa soya utamfanya awe ndama." Nilisema hivyo. Basi tangu siku ile kazi yangu kubwa duniani ilikuwa moja, mtoto yule anenepe.

Hakunenepa.

Lakini nianze na kamba, maana bila wao nisingejua. Kazi ya kamba ilinijia kwa sababu ya foleni. Zamani lori lilikaa hapa siku mbili, tatu, dereva akala njugu mpaka akachoka. Siku hizi karatasi zinapita haraka, foleni inasonga, na mtu anayesonga hanunui njugu. Ndipo dada mmoja aliyesomea ufugaji wa samaki, mtu wa Funyula, akakodi ghala kuukuu la mahindi nyuma ya barabara kuu, akapanga matangi meusi ya plastiki, akatangaza kwamba anatafuta mama mwaminifu wa kulisha na kusafisha. Hakuwa anafuga samaki. Alikuwa anafuga kamba, wale viumbe wa majini wenye masharubu marefu na miguu mingi, wa ile aina inayokua kwenye maji yasiyo na chumvi. Alisema hoteli za Jinja na Kampala zitawagombania. Nilimwita daktari. Alilikataa jina hilo mara mbili, mara ya tatu akanyamaza.

Kamba walikuja ndani ya mifuko ya plastiki iliyojaa maji na hewa, wamesafiri kutoka Pwani kwa lori. Niliinua mfuko mmoja kwenye mwanga wa dirisha nikaona maji matupu.

"Daktari, umetapeliwa," nilimwambia. "Hapa hakuna kitu."

"Tazama macho, mama."

Nikatazama. Yesu wangu! Vitone vyeusi viwili viwili, mamia, vimesimama ndani ya maji vikinitazama. Miili yao haikuwa na rangi hata kidogo. Uliona macho tu, na ukikaza sana, uliona uzi mwembamba wa chakula ndani ya tumbo. Nikajiambia kwamba kiumbe anayeonyesha tumbo lake hivyo si wa kuaminiwa. Nilimrudishia daktari mfuko wake haraka.

Ukutani, kwa chaki, daktari aliandika majina kumi. Lisini, methionini, arginini, histidini, threonini, triptofani, valini, lusini, isolusini, fenilalanini. Nikamuuliza, kama hao ni wanafunzi wa Yesu mbona wako kumi, wawili wamepotelea wapi? Alicheka, kisha akanieleza taratibu, na ninamshukuru kwamba hakuongea na mimi kama mtu anayeongea na mjinga.

"Protini ni ukuta, mama. Hizi zinaitwa asidi amino, ndizo matofali yake. Matofali mengine mwili unajifinyangia wenyewe. Haya kumi kamba hawezi kuyafinyanga, lazima ayapate kwenye chakula. Na mtoto wa kamba anayahitaji kuliko mkubwa, kwa sababu kila baada ya siku chache anavua ganda na kujijenga upya."

"Na moja likikosekana?"

"Fundi anashuka chini. Hata yale tisa yakijaa uwanjani, ukuta hauendi juu."

Nilipenda maneno hayo. Nikawa nayatangaza mpaka kanisani, tena kwa sauti, nikajifanya mtaalamu.

Chakula cha kamba tulikitengeneza wenyewe: omena kutoka Sio Port, soya, na pumba za ngano. Daktari alisema soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula, kwa hiyo lazima ipite motoni kwanza. Nikamwambia, "Daktari, hapo umefika. Mambo ya moto niachie mimi." Akaniachia. Nilikuwa nakaangia nyumbani kwangu, napeleka mashineni kusaga, namletea unga tayari ndani ya ndoo yenye kifuniko. Alinusa, akasifu harufu. Hakuwahi kuona karai.

Mwanzoni omena ilikuwa nyingi na kamba walikuwa wachangamfu. Halafu omena ikaadimika ziwani, bei ikapaa, na daktari akapunguza omena na kuongeza soya. Nyumbani kwangu mambo yalikuwa yale yale. Omena niliyokuwa nikimpondea mtoto ikatoka kwenye sufuria, ukabaki uji wa mahindi na soya, asubuhi, mchana na jioni. Karai lilikuwa moja, likilisha ghala na nyumba. Niliona fahari kwa hilo, sitadanganya.

Kama mwezi baada ya omena kupotea, niliingia ghalani asubuhi nikakuta tangi la kwanza limejaa maiti. Zimelala chini, zimeelea juu, zimenasa kwenye mipira ya kupulizia hewa. Nilipiga yowe. Nikachukua chujio la chai, nikaanza kuzitoa moja moja nikiziweka kwenye sahani, na hapo ndipo nilipoona kwamba hazina uzito. Kila moja ilikuwa na kichwa, masharubu, miguu yote, hata vifuniko vya macho. Lakini ndani hakukuwa na mtu. Niliibonyeza moja kwa kidole ikakunjamana bila sauti.

"Ni maganda tu, mama," daktari akasema. "Wamevua. Hiyo ni dalili nzuri."

Sawa. Nikakubali. Lakini maganda yaliendelea kuongezeka na kamba wakaendelea kupungua. Hesabu ilikataa. Nilifunika matangi kwa neti, nikaziba kila tundu la panya, nikafunga mlango kwa kufuli na ufunguo nikautia kifuani. Hakuna ndege aliyeingia, hakuna paka. Wala sikuona mzoga hata mmoja. Kila asubuhi nilikuta nguo zao zimebaki na wenyewe wamekwenda. Nilianza kuingia ghalani huku nikiimba wimbo wa dini kwa nguvu, na mimi si mtu wa kuogopa, waulize askari wa barabarani.

Kisha ikaja ile saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, barabara imetulia, stima ikapotea na mashine za hewa zikanyamaza zote kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kusikia ghala lile likiwa kimya. Niliinama juu ya tangi kuangalia kama wanatweta. Kamba wote walikuwa chini, na wote walikuwa wameelekea mahali pamoja. Katikati yao kulikuwa na mmoja aliyetoka kwenye ganda lake muda si mrefu, mweupe, laini, hajaweza hata kusimama. Wenzake walikuwa wanamkaribia polepole. Hawakupigana. Hawakuharakisha. Wa kwanza akafika, akaanzia miguu. Wa pili akaja upande mwingine. Yule laini hakukimbia, na macho yake yalibaki yakitazama juu mpaka mwisho. Nikapiga makofi, nikapiga ukuta wa tangi, nikaita, "Hee! Hee! Wacheni!" Hawakuacha. Wachache tu walinigeukia, kisha wakaanza kutembea kuelekea mahali kivuli changu kilipoanguka.

Nilitoka, nikakaa nje juani nikimngoja daktari.

Daktari alipokuja alinisikiliza, akawapima kamba kwa rula. Walikuwa hawajaongezeka urefu hata kidogo tangu omena ipungue. "Chakula wanamaliza," alisema, akiwa amekunja uso. "Wanamaliza, halafu wanatafuta tena. Kuna kitu wanakitafuta hawakipati, ndiyo maana wanakula wenzao." Akapima maji, akapima joto, akabadilisha mipira ya hewa. Akauliza kuhusu pumba. Hakuuliza kuhusu soya, na mimi angeniuliza ningemjibu vibaya.

Sasa nimseme mtoto. Nilikuwa nakwenda naye ghalani kila siku, nimemfunga mgongoni kwa leso. Mwanzoni alikuwa mtundu, ananivuta masikio, anaimba ovyo. Sijui aliacha lini. Siku moja tu niligundua kwamba siku nyingi sijavutwa sikio. Nywele zake zikawa nyepesi na kuchukua rangi ya ndevu za mahindi. Tumbo likavutika, ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa ya kijani inaonekana ndani. Alifikisha mwaka na miezi miwili hajasimama. Nikimweka chini, nikienda kuteka maji, nikirudi namkuta vile vile, mkono pale pale. Na halii. Majirani walinisifu mwanzoni, ati nimelea mtoto mtulivu. Mimi sifa hizo sikuzipenda, kwa sababu utulivu wa namna ile nilikuwa nauona mahali pengine kila siku.

Uji alimaliza. Alimaliza bakuli lote, kisha akaligeuza, kisha akaanza kutafuta. Nilimkuta analamba ukuta wa jikoni, polepole, ulimi umejaa udongo. Siku iyo hiyo nilikuwa nimetoka kuwaona kamba wakikwaruza kuta za tangi kwa vimikono vyao, polepole namna ile ile. Nilimfuta mdomo kwa nguvu kupita kiasi. Hakulia. Alinitazama tu.

Nikampeleka kliniki. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa umelala, sasa ulikuwa unashuka. Muuguzi akauliza anakula nini, nikajibu kwa kifua mbele, uji wa mahindi na soya, mara tatu kwa siku. Akasema soya ni nzuri, akatupa dawa ya minyoo, akaniambia nirudi baada ya wiki chache. Angejuaje? Neno soya ni neno zuri. Nikarudi nyumbani nikakaanga zaidi, nikaongeza moto, ili itoke vizuri kabisa.

Jioni moja binti yangu alimbeba mtoto, akamweka begani, akampandisha na kumshusha kama anayepima mzigo. Halafu akasema, "Mama, amekuwa mwepesi."

"Kwani unataka nimjaze mawe?" nikamfokea.

Akaondoka naye chumbani. Mimi nikaenda jikoni, nikajifanya napuliza moto, nikalia. Nilikuwa nimepewa roho ya mtu nishike, na ilikuwa inavuja mikononi mwangu na sioni tundu liko wapi.

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Kocholia anayeuza ndizi, ndiye aliyetamka kwanza kile nilichokuwa nakiogopa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akimtazama mtoto mgongoni. "Umemzoesha mtoto maji yale. Vitu visivyo na damu hutafuta damu. Wewe huoni wanavyofanana?" Niliona. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeona kabla yake. Mimi ni Mkristo, naimba kwaya, nimekemea wachawi mbele ya watu. Lakini neno lile liliniingia na kukaa. Nikaanza kufikiri kwamba kila ganda tupu ninalolitoa asubuhi, kuna kitu kimechukuliwa kwa mjukuu wangu kwenda kumvika kamba mwingine. Na bado kamba hawakuwa wanakua, kwa hiyo hata mantiki hiyo haikuwa na miguu, lakini nani anayeogopa anatafuta mantiki?

Siku ya Ijumaa, saa ile ile ya saba, nilinunua chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile inayochoma pua. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaingia ghalani, nikafunga mlango. Nilitaka kuwaua wote. Nilifungua kizibo, nikatoa neti, nikainama juu ya tangi.

Wakaja. Waliobaki wote walitembea wakaja kwenye kivuli changu, wakainua vichwa, na vinywa vyao vikaanza kucheza. Wakati huo huo nikasikia sauti mgongoni kwangu. Mtoto alikuwa anachezesha midomo. Ile ile anayofanya akiona bakuli. Hakuwa amenitolea sauti yoyote kwa siku kadhaa, na sasa alikuwa ameinama juu ya bega langu anawatazama wale, na wale wanatutazama sisi, na midomo yote inakwenda pamoja. Nilishindwa kumwaga. Mkono ulikataa. Wote walikuwa wananingoja mimi.

"Mama! Hiyo ni nini?"

Daktari alikuwa na ufunguo wake. Alininyang'anya chupa, na mimi nikalipuka. "Wanamla mjukuu wangu! Wewe umeleta mashetani Malaba, wanamla mtoto wa watu! Mwangalie! Mwangalie basi!"

Akamwangalia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia kweli, kwa sababu siku zote mtoto alikuwa amefunikwa leso. Akashika nywele zake. Akashika mguu, akaubonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale. Tukalitazama wote wawili, na halikujaa.

"Anakula nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Anakula vizuri! Anakula soya. Hiyo hiyo ninayoleta hapa."

Daktari akaweka chupa chini. Akaangalia matangi, akaangalia ndoo ya unga, akamwangalia mtoto tena. Kisha akasema, "Mama, twende nyumbani kwako. Nataka nikuone ukikaanga."

Nikakaanga mbele yake kwa mbwembwe zote. Moto mkubwa, mwiko hautulii. Soya ilipoanza tu kuwa njano akasema, "Epua." Nikamcheka. "Daktari, hiyo bado iko hai." Nikaendelea mpaka ikapasuka, ikapata wekundu, ikaja rangi yangu ya kahawa, nikaimwaga kwenye ungo moshi ukipanda. Nikageuka nikitegemea sifa. Alikuwa ameweka mikono kichwani.

Alinieleza pale pale, amechuchumaa karibu na moto. Moto kidogo unaifungua soya, alisema, lakini moto mwingi unaifunga tena. Katika yale majina kumi ya ukutani, lisini ndiyo inayoumia kwanza. Ukiitafuta utaikuta kwa uchache, na hata hiyo imeshikamana na sukari ya soya kiasi kwamba tumbo haliwezi kuitoa, inapita tu. Omena ilikuwa inaziba pengo, na omena tuliiondoa. Na mahindi yenyewe hayana lisini ya kutosha tangu Mungu ayaumbe.

"Kwa hiyo kamba wangu wanakula ukuta usio na tofali moja," alisema. "Na huyu pia. Mama, mbadilishie leo. Yai, maziwa, maharagwe yaliyopondwa, omena ukiipata. Umrudishe kliniki leo, uwaonyeshe mguu. Usingoje."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilimfukuza. Nilimwambia madereva wa nchi tatu wamekula soya yangu na kushukuru, na yeye aliyesomea vidudu hawezi kunifundisha karai. Alisimama mlangoni, akanipa shauri la mwisho. Atachukua mabeseni mawili, kamba wa ukubwa mmoja, maji yale yale. Beseni moja lipewe soya aliyoepua yeye ikiwa njano, jingine lipewe ya kwangu. "Hiyo ni ya kukushawishi wewe," alisema. "Lakini mtoto asingoje mabeseni. Unanisikia? Mtoto leo."

Nilisikia. Naijua maana ya leo. Lakini kumpikia mtoto chakula kingine kulikuwa ni kukiri, na mimi nilitaka kwanza kamba wanitolee ushahidi nimwaibishe yule msichana. Nikaendelea kumpa mjukuu wangu uji ule. Siku tisa. Kila asubuhi nilikwenda kutazama beseni langu nikilisihi likue, kisha narudi nyumbani na kijiko.

Siku ya kumi nilifika mapema. Beseni la daktari lilikuwa na kamba wote isipokuwa wawili, wamerefuka, miguu imeanza kupata rangi ya samawati, waliovua wametembea salama kati ya wenzao. Beseni langu lilikuwa jeupe chini. Maganda, maganda, maganda. Juu yake alikuwa amesimama mmoja peke yake, hajakua hata kwa upana wa ukucha, amekumbatia ganda moja analitafuna. Kivuli changu kilipomfikia aliliacha, akainua kichwa, akaanza kuchezesha mdomo.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, leso mkononi, nilikimbia kandokando ya malori mataniboi wakinizomea. Nilimwaga uji, nikamwaga unga, nikabeba mtoto nikaenda naye kliniki nikawaonyesha mguu na kuwaambia ukweli, karai na yote. Wakamlaza. Walimpa chakula chao cha dawa, kidogo kidogo, na mimi nikakaa sakafuni kando ya kitanda bila kubishana na mtu yeyote, jambo ambalo ni rekodi. Siku ya sita, muuguzi alipomdunga sindano, mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yote, akanipiga teke. Nililia naye, nikamshukuru Mungu kwa teke lile.

Leo anatembea. Anavunja vikombe. Kamba wa daktari nao walipona waliobaki, na soya yao anaikaanga mwenyewe, mimi haniruhusu karibu na moto ule.

Lakini kulikuwa na mtu sijamwambia kitu. Binti yangu alijua tu kwamba mtoto alikosa nguvu, akalazwa, akapona. Nilivumilia miezi miwili. Jumapili moja baada ya kanisa, akiwa amekaa na mtoto mapajani, nilimwambia yote, rangi ya soya, lisini, mabeseni, na zile siku tisa. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Alipitisha vidole kwenye nywele za mtoto. Kisha akauliza, "Mama, na yule kaka yangu? Alikuwa anakula nini?"

Kabla yake nilizaa mvulana. Sijamtaja humu kwa sababu huwa simtaji. Mwaka ule kikundi cha akina mama kilikuwa kimetufundisha kuchanganya soya kwenye uji, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejua karai. Nywele zake zilikuwa nyekundu, miguu ikavimba, akaacha kulia. Tulisema ni jicho la shangazi wa mume wangu, mwanamke mgumba aliyeishi nasi boma moja na kupenda kumtazama. Tulimfukuza na mkeka wake na chungu chake, akavuka kwenda upande wa Uganda, akafia huko. Mvulana naye hakumaliza mwezi. Na binti yangu alipozaliwa, tukiogopa jicho hilo limebaki pale bomani, tukamficha kwa mama yangu kule Marachi, ndiko alikokulia kwa maziwa ya ng'ombe. Hadithi hiyo nilimsimulia mwenyewe, mara nyingi, kama onyo.

"Uji," nilimjibu. "Wa soya."

Akamkumbatia mtoto. "Na yule bibi," akasema, "siku mliyomfukuza, hakusema kitu? Hakujitetea?"

Alisema. Nimebaki na maneno yake miaka yote hii nikiyahesabu kuwa ushahidi dhidi yake. Alisimama pale njiani na mkeka kichwani, akageuka, akasema, "Mpeni mtoto maziwa." Tukadhani ameshayatia kitu. Siku hiyo tulimwaga maziwa yote yaliyokuwa nyumbani.